Boxer 100 inakula oili na gia ya pili inaruka: nataka kuifungua mwenyewe nyumbani, nianzie wapi?

Jembe_Arua:
Wakuu, salaam. Nina Bajaj Boxer BM100 iliyopiga kazi ya bodaboda miaka kadhaa, sasa nataka kuifungua mwenyewe hapa uani. Dalili ni hizi: moshi wa bluu unatoka ikibeba mzigo au ikipanda kilima, oili inashuka karibu robo lita kwa wiki, na chini kwenye injini kuna mlio mzito wa ko-ko-ko ukiongeza moto. Gia ya pili inaruka na kurudi nyutro ukivuta. Plagi imejaa masizi meusi yenye unyevu wa oili. Kifuniko cha boksi la chujio la hewa kimeshikiliwa kwa waya wa kufungia, skrubu hazipo.

Nauliza: ringi peke yake zitatosha? Kama hazitoshi, nichongeshe bloku (kipande chenye silinda) au ninunue bloku mpya na pistoni yake? Hiyo gia ya pili inanilazimu kupasua injini yote? Na vifaa gani ni vya lazima? Nina spana za kawaida 8 hadi 17, bisbisi na nyundo.

FundiNdeeba:
Ndugu, ringi peke yake hapana. Ringi mpya ni duara kamili, lakini silinda iliyokula vumbi huwa imepanuka juu na imekuwa yai kidogo. Ringi itagusa sehemu fulani na kuacha nyingine wazi, oili ipite palepale. Utafurahi wiki mbili, kisha moshi urudi na pesa ya gasketi iwe imekwenda bure.

Ila usinunue kitu kabla hujajua oili inapita wapi. Njia ni mbili tu: kwenye ringi na silinda, au kwenye sili za valvu. Sili zikichoka, moshi hutoka ukiwasha asubuhi, halafu tena unapofungua mafuta (kuzungusha mpini wa kuongeza mwendo) baada ya kuteremka mlima mafuta yakiwa yamefungwa, kwa sababu silinda inanyonya oili kupitia shina la valvu. Ringi zikichoka, moshi hutoka injini inapobeba, na bomba la kupumulia la krenkikesi (kasha la chini la injini) hupuliza kama mtu anayehema. Maelezo yako yanaangukia ringi. Hakikisha hivi: injini ikiwa ya moto, toa plagi, weka geji ya kompresheni, fungua mafuta yote, piga kiki mpaka sindano isimame. Kisha mimina oili kijiko kimoja cha chai kwenye tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda sana, ni ringi na silinda. Isipopanda, valvu hazifungi vizuri. Kama huna geji, azima. Usikisie kwa kidole.

Vifaa vya kuongeza: fila geji (bapa nyembamba za kupimia nafasi ndogo), venia (kipimo cha vipenyo), koleo la saklipu, bisbisi ya kugonga kwa nyundo (skrubu za kifuniko cha klachi haziachii kwa bisbisi ya kawaida, utaziharibu vichwa), puli (kifaa cha kuvutia) ya magneto inayolingana na nyuzi za magneto yako, na boksi (spana ya kuvika juu) la nati ya klachi. Hii nati ina meno juu. Watu huigonga kwa patasi, vipande vya chuma huangukia ndani. Toki renchi ndogo ni ghali kidogo, lakini nyuzi za alumini zikishachanika utalipa zaidi ya bei yake.

Kufungua sehemu ya juu: mwaga oili ikiwa ya moto, upitishe sumaku kwenye oili hiyo. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande unavyoweza kushika kwa kucha ni beringi au gia. Toa tangi, eksosi na kabureta. Zungusha magneto mpaka alama ya T ilingane na alama ya kifuniko na roka (mikono inayosukuma valvu) zote mbili ziwe zimelegea. Roka ikiwa imebana, pistoni iko juu lakini kwa mzunguko usio sahihi, zungusha mara moja zaidi. Toa kikazia cha cheni ya taimingi KABLA ya kugusa sproketi ya kamshafti (shafti inayofungua valvu). Ukifungua sproketi, funga cheni kwa waya isitumbukie chini. Nati za hedi (kichwa cha injini) zilegeze kwa msalaba, kila moja kidogo kidogo, hedi isipinde. Ukishanyanyua bloku, ziba mdomo wa krenkikesi kwa kitambaa safi kabla ya kugusa saklipu ya pini. Saklipu ikirukia ndani, utapasua injini kwa ajili ya waya mdogo.

Sasa simama, uangalie pistoni kabla ya kuiosha. Hii ndiyo ripoti ya injini yako, na ukiiosha umeifuta. Ubavu ukiwa na rangi ya kijivu iliyofifia na mistari mingi myembamba ya wima, hasa upande wa kabureta, ni vumbi. Ukiwa na mikwaruzo minene, alumini imeyeyuka na kupakana, ni kukosa oili au joto kali. Kisha ingiza kidole kwenye mpira unaounganisha boksi la chujio na kabureta, ufute ndani. Kidole kikitoka na udongo mwekundu, hapo ndipo injini yako ilipofia. Ule waya uliofunga kifuniko cha chujio unanitia shaka kuliko kitu kingine chochote ulichotaja. Maramu (udongo mwekundu wa barabara) ya kwetu ina mchanga laini ambao ukichanganyika na oili unakuwa msasa. Ukitengeneza injini nzima ukaacha kile kifuniko, unaanza safari ileile upya.

DadaSpea_Kisekka:
Nakubaliana na fundi hapo juu, naongezea upande wa spea, maana watu wengi hupotelea hapa.

Bloku mpya au kuchonga? Mimi napendelea kuchonga, kwa sharti moja: mashine iwe nzuri na mchongaji awe mtu anayepima. Bloku ya kiwandani ina chuma kizuri ndani, na hizi pistoni za saizi kubwa zinapatikana: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 mm zaidi ya saizi ya asili. Bloku za bei rahisi zinazouzwa kwenye boksi bila jina, nyingine chuma chake ni laini, na pistoni iliyomo wakati mwingine ni nzito kuliko ya asili. Pistoni nzito inaongeza mtikisiko, na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankishafti, shafti kuu ya injini) inaumia. Ukiamua kununua kiti (seti ya bloku na pistoni yake), chukua pistoni ya zamani na mpya, uzipime kwenye mizani ya duka la dhahabu au ya kupimia viungo. Tofauti ya gramu mbili tatu si neno. Ikifika kumi, rudisha.

Kanuni ambayo haivunjwi: NUNUA PISTONI KWANZA, KISHA PELEKA BLOKU NA PISTONI PAMOJA. Pistoni mbili zilizoandikwa 0.50 zinaweza kutofautiana. Mchongaji anatakiwa kupima ubavu wa pistoni, karibu na chini, kwa upande unaokatiza pini, halafu aongeze nafasi. Kwa silinda ndogo inayopozwa kwa hewa, 0.03 hadi 0.04 mm inafaa. Ukibana zaidi ya hapo, pistoni itanata siku ya kwanza ya jua. Ukilegeza sana, itagonga ukutani kila asubuhi. Karakana za Katwe, Kampala, zina watu wazoefu wa kazi hii, na Arua mjini pia hukosi mashine. Muulize mchongaji maswali mawili: atapima kwa kifaa gani, na atamalizia kwa mawe ya kuchora mistari ya msalaba? Akikuambia ukuta laini kama kioo ndio mzuri, ondoka. Ile mistari ndiyo inayoshika oili na kusaidia ringi kukaa.

Kuhusu gasketi: nunua seti kamili, usilishe injini silikoni. Silikoni ikizidi hukatika ndani, inaelea mpaka kwenye chujio la oili na kuziba. Halafu mtu analaumu pampu.

Karakana_Masaka:
Mimi najibu ya chini, kwa sababu ule mlio wa ko-ko-ko na gia ya pili havitaisha kwa kazi ya juu.

Bloku ikiwa imetoka, peleka pistoni juu kabisa, shika konrodi kwa mikono miwili, ivute juu na kuisukuma chini wima. Isiwe na mchezo wowote unaouhisi. Ukisikia "tik", beringi ya konrodi imekwisha, na ukifunga silinda mpya juu yake umetupa pesa. Kucheza pembeni, kushoto na kulia, kidogo ni sawa, usichanganye hayo mawili.

Ikiwa imekwisha, ndiyo, utapasua krenkikesi. Kufungua unaweza mwenyewe, lakini krankishafti usiigonge nyumbani. Inahitaji presi ya kutoa pini, kiti kipya (konrodi, pini, beringi na washa, yaani vile vibati vya duara), kisha kunyooshwa kati ya senta mbili kwa daili geji (kipimo cha sindano kinachoonyesha kuyumba). Ncha za shafti zikipita 0.05 mm za kuyumba, injini itatikisika na beringi kubwa mpya zitakufa mapema. Mtu akikunyooshea kwa jicho, mkatalie kwa heshima.

Beringi kubwa: soma namba iliyochongwa pembeni mwa zile za zamani na ununue hizohizo, pamoja na herufi zinazofuata. C3 maana yake ina nafasi kubwa zaidi ndani, imetengenezwa kwa ajili ya joto. Ukiweka isiyo na C3 mahali pa C3 itabana injini ikipata moto. Kuingiza: beringi iweke kwenye friza usiku kucha, krenkikesi ipashe joto sawasawa mpaka tone la maji lichemke na kuruka likidondoka juu yake. Beringi itaingia kwa kusukuma kwa mkono au kugonga kidogo sana, kwenye ringi ya NJE tu. Ukigonga ringi ya ndani, unapitisha pigo kwenye zile gololi, unaiharibu kabla haijazunguka hata mara moja. Usipashe joto kwa moto wa gesi sehemu moja, alumini itapinda.

Gia ya pili. Kabla ya kupasua kwa ajili yake, toa kifuniko cha klachi na uangalie ule mkono wenye kijigurudumu unaokaa kwenye nyota ya dramu ya gia. Springi ikilegea au kukatika, gia haishikiliwi. Kwenye injini nyingi za aina hii unaufikia bila kupasua. Ukiwa mzima, basi tatizo liko ndani: meno ya pembeni ya gia, yale ya kushikana, yamekuwa mviringo. Yakiwa mazima, kona zake ni kali na zimekatwa kwa kurudi ndani kidogo ili gia zivutane zikibeba mzigo. Zikishakuwa duara, mzigo unazisukuma kuachana. Badilisha gia zote mbili zinazoshikana, si moja. Foki ya gia (uma unaosogeza gia) iangalie ncha zake: ikiwa na rangi ya bluu ya kuungua au imekuwa nyembamba kuliko wenzake, itoe. Weka foki juu ya kioo, isitikisike.

Ukitoa gia, pitisha waya kwenye gia na washa za kila shafti kwa mpangilio wake. Washa moja ikikaa upande usio wake, utapata gia ya pili na kukosa ya tatu.

Jembe_Arua:
Asanteni sana, kazi imeanza. Kompresheni ilipanda sana baada ya kijiko cha oili. Kidole kwenye mpira wa kabureta kimetoka chekundu, na ubavu wa pistoni ni kijivu upande wa kabureta, vilevile ulivyosema, fundi. Konrodi inagonga "tik" ikivutwa wima. Ile springi ya nyota ni nzima, imebana vizuri.

Bloku sina kifaa cha kuipimia ndani. Nimechukua ringi ya juu ya zamani, nikaisukuma kwa pistoni ikae sawa, nikapima uwazi wa ncha zake: karibu na chini ni 0.65 mm, sentimita moja kutoka juu ni 1.15 mm (nilipanga bapa mbili za fila geji pamoja). Hii inaniambia nini?

FundiNdeeba:
Inakuambia mengi, umepima vizuri. Ringi imechakaa, lakini ni ileile juu na chini, kwa hiyo uchakavu wake haubadilishi tofauti. Tofauti ni 0.50 mm ya mzunguko. Gawanya kwa 3.14, unapata 0.16 mm. Silinda yako imepanuka kipenyo kwa 0.16 juu kuliko chini. Kwa silinda ya 53 mm hiyo imepita kiwango cha kuvumilika kwa mbali, na hujahesabu ule uyai.

Usinunue pistoni ya 0.25. Kwa hesabu inaonekana inatosha, lakini silinda haili sawasawa pande zote, inakula zaidi mbele na nyuma, mahali pistoni inapoegemea. Mchongaji akibaki kwenye senta ya asili, upande ulioliwa utabaki na doa lisilosafishika. Chukua 0.50, kipenyo kiwe karibu 53.50, yaani kipimo cha pistoni yenyewe kuongeza nafasi yake. Utabaki na 0.75 na 1.00 kwa siku zijazo.

Ringi mpya zikifika, ziweke kwenye silinda iliyochongwa, upime uwazi wa ncha kabla ya kuzivisha. Karibu 0.2 mm ni pazuri. Zikigusana kabisa, zitakapopata joto zitakatika na kuchana ukuta, hivyo zipige tupa taratibu kwenye ncha mpaka zifike.

DadaSpea_Kisekka:
Kwa kuwa konrodi imekwisha na gia inaruka, nunua kwa pamoja: kiti cha konrodi, beringi za krankishafti, sili zote za oili, gasketi seti, sili za valvu, cheni ya taimingi na mpira wa kikazia. Na chujio la hewa jipya pamoja na skrubu zake! Peleka gia za zamani mkononi ulinganishe meno, usinunue kwa kutaja jina. Mkikubaliana kubadilisha krenkikesi, kumbuka namba ya injini imechongwa hapo na iko kwenye logibuku (kadi ya usajili). Ukiweka nyingine, namba hazitalingana na askari barabarani hatasikiliza maelezo.

Karakana_Masaka:
Kufunga, mambo ambayo ndiyo yanarudisha pikipiki karakana.

Bloku ikitoka kuchongwa, ioshe kwa maji ya moto na sabuni na brashi, SI petroli. Petroli inaondoa mafuta lakini inaacha unga wa mawe kwenye ile mistari. Kausha, pitisha kitambaa cheupe chenye oili. Kikitoka kijivu, osha tena. Wengine huosha mara tatu ndipo kitambaa kitoke safi.

Ringi: upande wenye herufi unaangalia juu, ncha zimeachana nyuzi 120. Pistoni: neno IN linaelekea kabureta, au kama ni mshale unaelekea eksosi. Saklipu mpya, na uwazi wake usikae kwenye kile kikato cha pistoni. Valvu zisage kwa dawa, kisha mimina petroli kwenye tundu la kabureta na la eksosi, uangalie upande wa ndani wa hedi kwa dakika moja. Ikitoa jasho, saga tena. Nati za hedi kaza kwa msalaba, awamu tatu, kwa namba ya kitabu cha injini yako. Bolti ndogo za 6 mm usivuke 10 Nm.

Tapeti (nafasi kati ya roka na valvu) zipimwe injini ikiwa baridi kabisa: Boxer 100 ni 0.05 mm upande wa kabureta na 0.10 mm upande wa eksosi. Eksosi inapata joto zaidi, shina lake linarefuka zaidi, ndiyo maana nafasi ni kubwa. Usikaze ili kunyamazisha mlio. Tapeti inayolia kidogo ni bora kuliko valvu isiyofunga ikaungua.

Klachi plate mpya zilaze kwenye oili usiku mmoja. Oili iwe 20W50 yenye alama ya JASO MA. Oili nyingi za gari zina dawa za kulainisha ambazo zinafanya klachi iteleze.

Kabla ya kuwasha: toa plagi, mwaga oili kidogo juu ya kamshafti, piga kiki mara thelathini hivi, na uhakikishe oili inafika juu kwenye roka. Isipofika usiwashe, tafuta sababu.

Jembe_Arua:
Nimeelewa. Na kurodisha (kuizoesha injini mpya)? Hapa stegini wanasema iachwe inangurume kutwa nzima bila kutembea.

FundiNdeeba:
Usifanye hivyo. Kungurumisha bila mzigo hakusukumi ringi ukutani, kuta zinapata ngozi ya kung'aa na oili inaendelea kupita. Washa, subiri dakika tatu, angalia uvujaji, izime ipoe kabisa. Rudia mara mbili. Kisha itoe barabarani bila abiria: ongeza mafuta mpaka nusu, achia ipungue yenyewe, ongeza tena, usikae mwendo mmoja muda mrefu na usiilazimishe mlimani kwa gia kubwa. Oili ya kwanza mwaga baada ya kilomita 50 hadi 100, utaiona inameta chembe za chuma, hiyo ni kawaida kwa mara hiyo moja. Ya pili ikifika kilomita 500, siku hiyohiyo injini ikiwa baridi pima tapeti tena, maana valvu zilizosagwa hukaa chini kidogo na nafasi hupungua. Abiria wawili na magunia ya muhogo yasubiri mpaka hapo.

Jembe_Arua:
Bloku na krankishafti vinakwenda kwenye mashine Jumatatu, pistoni ya 0.50 iko mkononi. Kifuniko cha chujio nimeshakitengenezea nyuzi mpya, na mpira wa kabureta uliokuwa na ufa nimeubadilisha.